Nzi nyumbani: Kopo la dawa liwe la mwisho, si la kwanza

WAKAZI wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawahitaji kalenda kujua kuwa msimu wa maembe umeingia. Nzi huwaarifu mapema. Maganda na kokwa hutapakaa kando ya barabara, mvua inanyunyiza kidogo, jua linawaka, na siku chache baadaye sahani ya wali haiwezi kuwekwa mezani bila ya mtu kusimama karibu akipunga mkono.

Wengi wetu hukimbilia dukani kununua kopo la dawa ya kupuliza. Chumba hujazwa dawa, nzi huanguka, na watu wa nyumbani hushusha pumzi. Lakini kabla ya jioni nzi wengine huwa wamekwisha kuingia. Kopo hununuliwa tena wiki inayofuata, na baada ya hapo tena, na ni nadra mtu kujiuliza hawa wapya hutoka wapi.

Makala haya yanajibu swali hilo. Yanaeleza pia namna ya kutumia dawa hizo, pale inapobidi, bila kumdhuru mtoto, mgonjwa wa pumu au jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

KWA NINI NZI NI HATARI

Nzi wa nyumbani haumi. Hana meno wala mwiba, na ndiyo sababu watu wengi humwona kuwa ni kero tu. Hatari yake iko katika namna anavyokula. Mdomo wake hufyonza vitu vya majimaji pekee. Kwa hivyo anapotua juu ya kitu kikavu kama mkate au sukari, hukitemea kwanza mate pamoja na masalio ya alichokula awali ili kukilainisha, kisha hukifyonza. Mara nyingi huacha papo hapo kinyesi chake pia. Hivyo ndivyo vile vidoa vidogo vyeusi tunavyoviona kwenye taa, nyaya na vioo.

Aidha, mdudu huyu hachagui pa kutua. Sasa hivi yuko chooni, punde yuko juu ya matumbo ya samaki yaliyotupwa, na baadaye kidogo yuko juu ya hamri la mtoto. Miguu yake yenye vinyweleo huweza kubeba vijidudu vya kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Jamaa yake mmoja, apendaye kufuata macho ya watoto, hueneza trakoma, ugonjwa unaoweza kumpofusha mtu.

Ni kweli kwamba mikono michafu na maji machafu hueneza mengi ya maradhi haya. Hata hivyo, mchango wa nzi si mdogo. Katika utafiti uliofanywa kwenye kambi za jeshi nchini Israeli na kuchapishwa mwaka 1991, nzi walipotegwa kwa wingi, idadi ya wanajeshi waliofika kliniki kwa sababu ya kuhara ilipungua kwa asilimia 42. Wale walioshikwa na kuhara damu kunakoletwa na bakteria ya shigela walipungua kwa asilimia 85. Nchini Pakistan nako, utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa nzi walipodhibitiwa, visa vya kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu robo katika msimu wa nzi.

HESABU YA SIKU KUMI

Ili kumshinda nzi, ni lazima kwanza tuielewe ratiba yake.

Nzi jike hutaga mayai kati ya 100 na 150 kwa mara moja, na huweza kutaga mara kadhaa katika maisha yake mafupi. Huyataga mahali penye unyevu na uozo: takataka za jikoni, mbolea ya kuku na mbuzi, kinyesi, au matunda yaliyooza. Mayai huanguliwa katika muda wa siku moja na kutoa mabuu, wale funza weupe wanaotambaa ndani ya taka.

Mabuu hao hula kwa siku nne hadi saba. Kisha huhama kutoka penye unyevu, wakajichimbia katika udongo mkavu ulio karibu na kujifungia ndani ya ganda la rangi ya kahawia. Siku chache baadaye ganda hupasuka na nzi kamili akatoka. Katika joto kama la Pwani yetu, safari yote hiyo kutoka yai hadi nzi huchukua kati ya siku saba na kumi hivi.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba nzi tunaowaona wakiruka ni sehemu ndogo tu ya ukoo. Waliobaki wako ndani ya taka na chini ya udongo, ambako dawa inayopulizwa sebuleni haifiki kabisa. La pili ni kuwa taka zikiondolewa angalau mara mbili kwa wiki, mabuu hawapati muda wa kukomaa. Ndoo ya taka inayomwagwa kila baada ya siku tatu haizai nzi. Inayokaa siku kumi huwazaa kwa mamia.

HUZALIWA KARIBU KULIKO TUDHANIVYO

Kwa miaka mingi, aliyepita Kibarani akielekea Changamwe alifunga kioo cha gari kwa sababu ya harufu na nzi wa jaa lililokuwa hapo. Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018, mahali pake pakageuzwa kuwa bustani, na taka za mji zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Lakini hadi leo nzi wapo Chaani, wapo Port Reitz na wapo Mikindani.

Sababu ni rahisi. Ingawa nzi anaweza kuruka kilomita kadhaa, kwa kawaida hubaki karibu na mahali anapopata chakula na pa kutagia. Kwa hivyo wengi wa nzi walio jikoni mwako hawakutoka jaa kuu la mji. Wametoka nyuma ya nyumba yako, kwenye banda la kuku la jirani, kwenye mtaro ulioziba, au kwenye rundo la maganda kando ya kibanda cha matunda pale njia panda. Wanaoishi karibu na masoko kama Kongowea wanalijua jambo hili vizuri zaidi.

Habari hii ni njema, kwa kuwa lililo karibu linaweza kuondolewa.

HATUA TATU KABLA YA DAWA

Kwanza, taka. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Kenya mnamo Agosti 2017, nyumba nyingi hazina tena mfuko wa kufungia taka. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko chake inatosha na ni bora zaidi. Ifunikwe wakati wote, imwagwe kila baada ya siku mbili au tatu, na isafishwe kwa sabuni, kwani uchafu unaoganda chini nao hutagiwa mayai.

Matumbo na magamba ya samaki yasikae hata usiku mmoja. Yafunge ndani ya gazeti kuukuu na kuyafukia, kisha ufunike kwa udongo wa kina cha futi moja au zaidi na kuushindilia. Wanaofuga kuku au mbuzi wazoe mbolea mara mbili kwa wiki na kuitandaza juani ikiwa nyembamba ili ikauke. Mabuu hawaishi mahali pakavu.

Pili, choo. Tundu la choo cha shimo liwe na kifuniko kinachoziba vyema. Penye uwezo, choo kiwekwe bomba la hewa linalopanda juu ya paa kwa nusu mita hivi, na mdomo wake uzibwe kwa wavu mgumu wenye matundu madogo. Bomba hilo huvuta harufu nje. Nzi walio shimoni hufuata mwangaza unaoonekana juu ya bomba, wakakwama kwenye wavu na kufia humo. Ili njama hii ifaulu, ni lazima ndani ya choo kuwe na kiza kiasi.

Mtindo huo ulibuniwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970. Katika jaribio moja la mwaka 1975, choo kisicho na bomba kilitoa nzi zaidi ya 13,000 katika muda usiofika miezi mitatu, na chenye bomba kilitoa 146 pekee.

Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitiwe chooni. Kuna dhana kuwa hakina madhara kwa sababu mtoto hajaanza kula vyakula vya watu wazima. Dhana hiyo si sahihi, na nepi iliyotupwa uani ni karamu ya nzi.

Tatu, chakula. Kawa la ukili ambalo bibi zetu walifunikia sinia halijapitwa na wakati. Chakula kifunikwe mara tu kinapopakuliwa, vyombo vioshwe usiku huo huo badala ya kulazwa na makombo, na meza ipanguswe. Madirisha ya jikoni yawekwe wavu. Feni nayo husaidia sana, kwa kuwa nzi ni mdhaifu mbele ya upepo na hapendi kutua mahali unapovuma. Wauzaji wa viazi karai, mahamri na mishikaki wanashauriwa kutumia kabati la kioo, kwani kitambaa kinachofunuliwa kila dakika hakimzuii nzi.

Kwa wale wachache wanaobaki, tengeneza mtego. Kata chupa ya plastiki sehemu ya juu, igeuze mdomo chini na kuiingiza ndani ya kipande kilichobaki kama faneli. Tia ndani maji kidogo yenye sukari, siki na tone la sabuni, au maganda ya ndizi yaliyoiva sana. Mtego uwekwe nje, mbali na mlango wa jikoni, usije ukawaalika wageni badala ya kuwafukuza.

IWAPO NI LAZIMA KUPULIZA

Kuna siku ambapo dawa huhitajika: nyumba ina msiba au harusi na wageni ni wengi, au mtaa umeingiliwa na kipindupindu. Dawa si haramu. Kinachotakiwa ni kuitumia kwa akili.

Nyingi ya dawa za makopo zina kemikali za jamii ya pareto, lile ua jeupe linalolimwa Nakuru, Nyandarua na Kisii, ambalo liliwahi kuifanya Kenya kuongoza duniani katika uzalishaji wake. Siku hizi kemikali hizo aghalabu hutengenezwa viwandani kwa kuiga pareto, nazo hujulikana kwa majina kama permethrini na sipamethrini. Asili yake ya ua isitudanganye. Dawa hizi zinaweza kuwasha macho na ngozi, kuamsha pumu, kuua samaki wa pambo na kumdhuru vibaya paka. Fuata utaratibu huu:

1. Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Dawa iliyosajiliwa nchini huwa na namba yenye herufi PCPB, yaani bodi inayosimamia dawa za wadudu chini ya sheria ya mwaka 1982. Isiyo na namba iache dukani.

2. Toa watu wote chumbani, hasa watoto, waja wazito, wazee na wenye pumu. Toa pia paka na ndege. Chakula, maji ya kunywa, vyombo, miswaki na vitu vya kuchezea vya mtoto viondolewe au vifunikwe.

3. Zima kila moto: jiko la makaa, stovu, gesi, mshumaa na sigara. Usisahau chetezo chenye udi au ubani. Gesi inayosukuma dawa kutoka kopo nyingi hushika moto, na dawa iliyopulizwa karibu na kaa inaweza kulipuka usoni pa aliyeishika.

4. Funga madirisha. Ziba pua na mdomo kwa kitambaa, elekeza kopo mbali na uso, na upulize hewani kwa muda ulioandikwa. Kwa chumba cha kawaida muda huo ni sekunde chache, wala haufiki dakika. Kuongeza dawa hakuongezi kifo cha nzi. Huongeza tu sumu itakayovutwa na wenye nyumba.

5. Toka na ufunge mlango kwa muda ulioelezwa kwenye kopo. Kisha fungua milango na madirisha, uache hewa ipite kwa nusu saa au zaidi kabla ya mtu kulala au kula humo.

6. Fagia nzi waliokufa na kuwatupa, pangusa meza, kisha nawa mikono na uso kwa sabuni.

Usipulize juu ya kitanda, mto, nguo wala ngozi. Kamwe usipulize juu ya chakula. Baadhi ya wachuuzi katika nchi zetu wamejulikana kunyunyizia samaki wakavu dawa ya wadudu ili nzi wasiwasogelee. Samaki wa namna hiyo hasafishiki kwa kuoshwa, na sumu yake huingia mezani pamoja na mchuzi.

Wapangaji wa nyumba za Kiswahili wana jambo lao la ziada. Katika nyumba nyingi za vyumba sita vyenye korido katikati, kuta za ndani hazifiki kwenye paa. Dawa unayoipuliza chumbani mwako hupita juu na kumshukia mtoto wa jirani aliyelala. Ni vyema wapangaji wakubaliane siku na saa moja, watoke wote, na vyumba vipulizwe kwa pamoja.

Kopo lihifadhiwe juu, mahali pasipofikiwa na watoto, mbali na jua na jiko. Likiisha lisitobolewe wala kutiwa katika moto wa taka, kwani hupasuka kwa kishindo.

DAWA ZA CHUPA ZA SODA

Hatari kubwa kuliko zote ni dawa zinazouzwa mitaani kwa kupimwa ndani ya chupa za soda au za maji. Muuzaji husema ni dawa kali ya nzi, mende na kunguni. Mara nyingi hiyo ni dawa ya shambani au ya kuogeshea ng'ombe, na mnunuzi hana njia ya kujua ni ipi wala ina nguvu kiasi gani. Haina lebo, na mtoto mwenye kiu haoni sumu. Yeye huona soda.

Kadhalika, kupuliza kila siku huwafunza nzi kuistahimili dawa. DDT ilipoanza kutumika ilionekana kuwa mwisho wa nzi duniani. Lakini kufikia miaka ya 1946 na 1947, nchini Sweden na Italia tayari walikuwapo nzi wasiodhurika nayo. Wachache walionusurika walizaa, na watoto wao wakairithi nguvu hiyo.

MTU AKIDHURIKA

Aliyevuta dawa nyingi hukohoa, hubanwa na kifua, huumwa kichwa au kuhisi kichefuchefu. Mtoe nje penye hewa safi. Iliyomwagika mwilini, vua nguo na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Iliyoingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Aliyeimeza asitapishwe. Dawa nyingi huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Wala asinyweshwe maziwa, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa maziwa huvunja sumu. Akitokwa na mate mengi, jasho jingi, akitetemeka misuli au mboni za macho zikinywea, hiyo ni dalili ya sumu kali na dakika zina thamani.

Mpeleke katika hospitali iliyo karibu, na uchukue kopo au chupa ili daktari aione. Wa Changamwe waende Port Reitz. Wa Likoni waanzie hospitali ya Likoni badala ya kusubiri feri ili kuvuka hadi Hospitali Kuu ya Pwani. Huduma ya kwanza isingoje foleni ya kivukoni.

NYUMBA MOJA HAITOSHI

Nzi hajui mpaka wa kiwanja. Ukisafisha uani kwako na jirani akaliacha rundo lake, nzi wake watakuwa wako. Ndiyo maana kazi hii hufaulu inapofanywa na nyumba kumi za njia moja: kuchangia mzoaji taka anayepita mara mbili kwa wiki, kuzibua mtaro, kuwekea choo cha pamoja bomba na kifuniko. Mwenye nyumba au mfanyabiashara akikataa kuondoa uchafu unaozaa nzi, wapangaji wana haki ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa huyo uwezo wa kuamuru uchafu uondolewe.

Wahenga walisema nzi kufia dondani si hasara. Kwa nzi yawezekana si hasara, maana amekufa akila. Mwenye donda ndiye anayebaki na hasara. Basi tulifunge donda lenyewe kwanza, yaani taka, choo na sahani iliyo wazi. Tukishafanya hivyo, huenda hilo kopo lililo juu ya kabati likamaliza mwaka mzima.